Hospitali ya Mkoa na Ile Barua ya Rufaa

Saa moja kasorobo asubuhi foleni ya mapokezi ilikuwa imeshatoka nje ya mlango. Shangazi yangu alikuwa ameamka saa tisa usiku, akapanda Noah ya kwanza kutoka kijijini, na sasa kafika dirishani na kadi yake ya CHF (bima ya afya ya jamii), kitambulisho cha taifa, na kidonda cha mguuni kilichokuwa kinakataa kupona mwezi wa pili huo. Dada wa mapokezi aliitazama kadi, akaigeuza nyuma, akamwuliza kwa upole kabisa: "Shikamoo mama. Barua ya rufaa unayo?"

Shangazi hakuwa nayo. Hata kuisikia hakuwahi. Akaambiwa ama arudi zahanati ya kwao akaandikiwe, ama alipie papo kwa papo. Kurudi na kuja tena kungemla siku mbili na nauli yake, kwa hiyo akafungua fundo la kanga, akalipa. Jioni tukiwa tunakula akatoa hukumu: "Ile bima ni kiini macho tu."

Hospitali siitaji, maana haikufanya kosa lolote la kiutaratibu, na kisa hicho kingeweza kutokea mkoa wowote. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijaribu kumweleza shangazi, na kusema kweli kujieleza mwenyewe, hospitali ya mkoa ni kitu gani hasa na kwa nini mtu aliyelipia bima anaweza kugeuzwa dirishani. Nilidhani jibu ni la dakika mbili. Kumbe limesokotana na jina la hospitali lilivyobadilika, wizara inayoimiliki, na mifuko mingapi inayoilipa.

Jina lilibadilika, watu tukabaki palepale

Mtaani bado tunasema "hospitali ya mkoa", na Dodoma wengi wanasema "General" kama walivyozoea tangu zamani. Jina rasmi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na uzito wote uko kwenye hilo neno la katikati. Rufaa ni ile ile ya mahakamani: shauri likishindikana chini linapanda juu, likiwa na kumbukumbu za kilichofanyika chini. Ukiibiwa kuku huendi moja kwa moja Mahakama ya Rufani.

Kwa Tanzania Bara ngazi zinaanza na zahanati, ambayo sera inataka iwepo kila kijiji. Juu yake ni kituo cha afya, kinachokusudiwa kila kata. Halafu hospitali ya halmashauri, ambayo wengi tunaiita ya wilaya. Kisha ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya mkoa kuna hospitali za kanda, kama Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, ile ya Mbeya, Benjamin Mkapa ya Dodoma, na kileleni Muhimbili pamoja na taasisi za maradhi maalumu: MOI kwa mifupa na ubongo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Ocean Road kwa saratani. (Zanzibar ina wizara yake ya afya na mpangilio wake, kwa hiyo hapa nazungumzia Bara tu.)

Hospitali za rufaa za mikoa ziko 28, ingawa mikoa ya Bara ni 26. Tofauti hiyo ya mbili ni Dar es Salaam, ambayo ina tatu: Amana, Temeke na Mwananyamala. Mikoani majina mengine ni maarufu kuliko hata mitaa yanapokaa: Bombo ya Tanga, Mawenzi ya Moshi, Mount Meru ya Arusha, Kitete ya Tabora, Maweni ya Kigoma, Ligula ya Mtwara, Sekou Toure ya Mwanza, Sokoine ya Lindi. Tumbi ya Kibaha ina historia ya pekee: kwa miaka mingi ilikuwa chini ya Shirika la Elimu Kibaha, yaani hospitali iliyomilikiwa na watu wa shule, huku ikipokea majeruhi wa ajali za barabara ya Morogoro usiku na mchana.

Kinachotofautisha ngazi hizi si ukubwa wa jengo. Ni nani anakuona. Zahanati unaonwa na tabibu na muuguzi. Hapo hulazwi, na kisu hakishikwi. Kituo cha afya kina vitanda, na vingi sasa vina chumba cha upasuaji kwa mama anayeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Hospitali ya halmashauri ina madaktari. Hospitali ya mkoa ndiyo mahali ambapo, kwa mpango, unakutana na daktari bingwa: mtu aliyesoma udaktari miaka 5, akatumikia mwaka 1 wa utarajali, akafanya kazi, kisha akarudi chuoni miaka 3 au zaidi kusomea eneo moja tu, iwe magonjwa ya ndani, watoto, wanawake na uzazi, upasuaji, mifupa, macho, au pua, koo na masikio. Ukipanda kanda na taifa unakutana na bingwa bobezi, yule ambaye baada ya ubingwa alichimba tena ndani ya ubingwa: si figo na moyo na mapafu kwa pamoja, ni figo peke yake.

Kwa hiyo dada wa dirishani alipoomba barua, alikuwa anauliza swali lenye maana: je, kuna mtu wa chini aliyekwisha kukuona na kuamua kwamba unamhitaji bingwa? Swali zuri. Tatizo ni kwamba hospitali yenyewe kwa miaka mingi haikuwahi kuliuliza.

Sababu ni hii. Serikali ilipojenga hospitali za wilaya, ilizijenga huko wilayani, kwenye vijiji na miji midogo. Mjini, makao makuu ya mkoa, hakukuwa na haja, kwa vile hospitali ya mkoa ilikuwepo. Matokeo yake manispaa nyingi zilikaa miaka na miaka bila hospitali yao, na wakazi wake wakaitumia hospitali ya mkoa kwa kila kitu: malaria, kikohozi, chanjo ya mtoto, kidole kilichokatwa na panga. Baadhi ya miji imeanza kurekebisha. Manispaa ya Iringa, kwa mfano, ina Hospitali ya Frelimo, ili mwenye homa ya kawaida asigombanie benchi na mgonjwa aliyeletwa na gari la wagonjwa kutoka wilaya za mbali. Lakini mazoea hayahami kwa tangazo. Mtu aliyezaliwa Bombo, akazalia watoto wake Bombo, huwezi kumwambia kirahisi kwamba siku hizi anatakiwa kuanzia kwingine.

Hospitali ya mkoa kwa hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na kwa watumishi wale wale. Ni zahanati ya wakazi wa mjini na ni mahakama ya rufaa ya mkoa mzima. Nikitazama foleni za asubuhi, naona karibu kila lawama tunayoirushia hospitali hizi inaanzia hapo.

Mpaka usioonekana

Kuna jambo ambalo hata watu waliosoma hawalijui, na mimi mwenyewe nililifahamu nikiwa mtu mzima. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya halmashauri haviko chini ya Wizara ya Afya katika uendeshaji wa kila siku. Viko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali za mikoa nazo zilikuwa upande huo huo hadi mwishoni mwa 2017, Rais Magufuli alipoagiza zihamishiwe Wizara ya Afya. Tangu hapo, kuanzia mkoa kupanda juu ni Wizara. Kuanzia wilaya kushuka chini ni TAMISEMI.

Barua ya rufaa ya shangazi, kama angekuwa nayo, ingevuka mpaka wa wizara ikiwa mkononi mwake ndani ya Noah.

Hoja ya kuhamisha ilikuwa na mantiki. Bingwa ni mtu adimu, na ukitaka kumhamisha kutoka Dar kwenda Sumbawanga ni rahisi zaidi akiwa na mwajiri mmoja anayeziona hospitali zote 28 kwa pamoja. Jirani zetu Kenya walikwenda njia ya kinyume kabisa: kwa katiba yao ya 2010, kuanzia 2013 hospitali za aina hii zilikabidhiwa serikali za kaunti, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ikabaki kwa serikali ya taifa. Huko mgomo wa madaktari kaunti moja unaweza usiguse kaunti ya pili. Huku mshahara unatoka Hazina kwa wote.

Mpaka huu ndio unaozaa mkanganyiko wa vyeo. Mganga mkuu wa mkoa si mkuu wa hospitali ya mkoa. Yeye anakaa ofisi ya mkuu wa mkoa na anasimamia afya ya mkoa mzima, kuanzia chanjo na kipindupindu hadi ukaguzi wa zahanati. Anayeendesha hospitali ni mganga mfawidhi, akisaidiwa na muuguzi mfawidhi na katibu wa afya. Ukiwa na malalamiko ya wodini ukayapeleka kwa mganga mkuu wa mkoa, atakusikiliza kwa heshima, kisha atampigia mfawidhi. Bora uanzie kwa mfawidhi.

Aliyekuja nyuma yako akaingia kwanza

Hasira nyingine ya benchini inaanzia kwenye chumba cha dharura. Umekaa tangu alfajiri, anafika kijana mmoja amepakizwa kwenye bodaboda, kashikwa huku na huku, anapitishwa moja kwa moja. "Huyo ana mtu ndani," mtu ananong'ona. Wakati mwingine kweli ana mtu. Lakini mara nyingi alichonacho ni rangi nyekundu.

Mgonjwa anapofika idara ya dharura, muuguzi anampima haraka: anapumua mara ngapi kwa dakika, mapigo ya moyo, presha, joto, anajitambua au la. Hapo anapangwa. Nyekundu ni yule ambaye dakika chache zinaweza kumwondoa duniani. Njano anaweza kusubiri kidogo. Kijani ni mimi na wewe wenye mafua, na kijani anasubiri hata kama alifika na jogoo. Utaratibu huu ni mgeni kwetu kuliko tunavyofikiri: idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Kabla ya hapo chumba cha "kejoti" katika hospitali nyingi kilikuwa mapokezi tu yanayokesha.

Mikoani mabadiliko makubwa yalikuja na UVIKO-19. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo nafuu kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ule wa shilingi trilioni 1.3 uliozungumzwa sana kwa sababu ya madarasa ya sekondari. Madarasa yalipigwa picha zaidi, ila sehemu ya fedha hizo ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi, na ikanunua mashine za CT scan kwa hospitali za mikoa. Kwa mtu aliyegongwa kichwani hili si jambo dogo. Damu ikivuja ndani ya fuvu, eksirei ya kawaida haiioni, CT inaiona kwa dakika chache. Zamani familia ya Kigoma au Rukwa ilikuwa inamsafirisha mgonjwa asiyejitambua mamia ya kilomita ili tu akapigwe picha ya kujua kama kweli alihitaji kusafirishwa.

Picha ikishapigwa lazima isomwe, na hapo tunarudi kwenye uhaba wa watu. Fundi wa mionzi anaipiga. Anayeandika majibu ni bingwa wa radiolojia, na hao hawatoshi. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa picha yako ni tayari ila majibu bado.

Kipindi hicho hicho cha UVIKO-19 baadhi ya hospitali za mikoa zilipata mitambo yake ya oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Mtambo unasukuma hewa hiyo kupitia punje zinazoinasa naitrojeni, na upande wa pili inatoka oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Mitungi haisafiri tena kwa lori kutoka mji mwingine. Wauguzi wa wodi ya watoto wachanga ndio wanaoweza kukusimulia vizuri lori hilo likichelewa huwa kunatokea nini.

Kisha kuna figo. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa anahitaji damu yake isafishwe kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Piga hesabu: zaidi ya mara 150 kwa mwaka. Kwa mgonjwa huyo umbali ni sehemu ya ugonjwa. Huduma hii ilipokuwa kwenye hospitali chache kubwa, mwalimu wa Lindi mwenye figo mbovu alikuwa na njia moja tu, kuhamia Dar es Salaam na kupanga chumba. Hospitali za rufaa za mikoa kadhaa sasa zinaitoa, na kwa maoni yangu hakuna mashine iliyobadilisha maisha ya familia za mikoani kama hii, ingawa haionekani kwenye ufunguzi wenye utepe kama CT.

Nani analipa

Hapa ndipo shangazi alipokwama, na hapa ndipo pana giza zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 matibabu ya serikali yalikuwa bure, angalau kwa jina. Uchangiaji ulianza 1993, ukianzia hospitali kubwa na kushuka. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulitungiwa sheria 1999 na kuanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu inakatwa kwa mtumishi na nusu inatoka kwa mwajiri. Kwa mkulima na mama ntilie kulikuwa na CHF, mfuko wa jamii uliojaribiwa kwanza Igunga miaka ya 1990. Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ulipangwa kuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka mzima.

Soma tena hiyo namba. Elfu thelathini, watu sita, mwaka mmoja. Ni elfu tano kwa kichwa. Kwa fedha hiyo CHF iliyoboreshwa iliahidi matibabu kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na hapo ndipo inapoishia. Namna pekee ya ahadi hiyo kusimama ni watu wengi kumalizana na zahanati, ambako tiba ni nafuu, na wachache kupanda juu. Barua ya rufaa ndiyo koki ya bomba hilo. Ukiiacha wazi, mfuko unakauka kabla ya masika. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 imekusudiwa kuunganisha vipande hivi, lakini mfuko wowote utakaokuja utahitaji koki, iwe karatasi au kwenye kompyuta.

Nilipomweleza hivi, shangazi aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu zuri: "Sasa kwa nini yule aliyenikatia kadi hakuniambia?"

Koki hiyo ina tundu moja la makusudi: dharura. Anayetapika damu, mama aliyeshikwa uchungu ukakwama, aliyegongwa na gari, hao hawaulizwi barua. Wanapokelewa, karatasi zinafuata.

Sasa geuza upande, utazame kutoka ofisi ya mhasibu wa hospitali. Mishahara inatoka Hazina, hiyo hailipi yeye. Lakini dawa, vitendanishi vya maabara, dizeli ya jenereta, chakula cha wodini, sabuni, sehemu kubwa inategemea makusanyo: fedha za papo kwa papo, ambazo siku hizi zinapita kwenye namba ya malipo ili zisipite mfukoni mwa mtu, na madai ya bima. Papo kwa papo inaingia leo. Bima inaingia baada ya hospitali kujaza fomu, kuzipeleka, kukaguliwa na kukatwa. Daktari akisahau sahihi au akiandika dawa isiyolingana na ugonjwa aliouandika, mfuko unakata, na mgonjwa keshakwenda na dawa zake.

Halafu kuna kundi lisilolipa kabisa, na kwa sera ya nchi halitakiwi kulipa: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu, VVU na maradhi mengine ya kudumu yaliyotajwa. Sera ni njema. Ila msamaha hauji na bahasha. Mtoto anatibiwa bure, lakini gloves, maji ya dripu na sindano alizotumia zilinunuliwa, na hospitali inabaki kuzifidia kutoka kwa wanaolipa. Ndiyo maana mjamzito anaambiwa huduma ni bure kisha anapewa orodha ya vitu vya kuja navyo.

Asiyekuwa na uwezo na hayumo kwenye makundi hayo anapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Hii ni ofisi ambayo kila mtu angepaswa kujua ilipo kabla ya kuugua, kwa kawaida chumba kidogo mwisho wa korido, chenye viti viwili na watu ishirini nje. Afisa anahoji, anapiga simu kwa mtendaji wa kijiji, anaandika msamaha wa yote au sehemu, au mpango wa kulipa kidogo kidogo. Kazi ngumu, maana mbele yake masikini wa kweli na mjanja mwenye simu mbili wanavaa nguo zinazofanana.

Dawa zina safari yake. Hospitali inaagiza kwanza Bohari ya Dawa, MSD. Kama hawana, inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani mfanyabiashara aliyeshindanishwa na kuteuliwa kwa mkoa huo, kwa mfumo ulioanzia Dodoma 2014 ukaitwa Jazia. Ni mpango mzuri wenye sharti moja tu, kwamba uwe na fedha. Hospitali yenye madai ya bima yasiyolipwa na misamaha mingi haina, na hapo ndipo unapopewa karatasi: "Hii nunua nje." Tunadhani dawa imeibwa, na siku nyingine imeibwa kweli. Lakini mara nyingi haikununuliwa.

Damu, uchungu na simu ya 115

Ndugu akilazwa kwa upasuaji mtaombwa kuchangia damu, na kila mara kuna mjomba anayesema hospitali inauza. Haiuzwi. Ila haihifadhiki kama unga. Mfuko wa damu ukikaa kwenye jokofu lake unadumu takribani siku 35 hadi 42, kutegemea dawa iliyowekwa ndani. Chembe sahani, zile za kugandisha, siku 5 tu. Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa majokofu yanapungukiwa. Hospitali ya mkoa ndiyo inayopokea mama anayevuja damu kutoka wilaya zote, tena usiku, na mama wa namna hiyo anaweza kumaliza mifuko minne kabla hakujapambazuka.

Kuhusu huyo mama nchi yetu ina jambo la kusimulia. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Vitu vingi vilichangia, vikiwemo vyumba vya upasuaji vya vituo vya afya nilivyotaja juu. Kimojawapo ni usafiri wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa 2022: mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo, kituo cha uratibu cha mkoa kinatafuta gari la wagonjwa, na kama liko mbali kinampigia dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa. Dereva akimfikisha mama, analipwa kwenye simu yake. Sina hakika kama kuna rufaa nyingine nchini inayokwenda kasi hivyo, na humo ndani hakuna anayemwuliza mama barua iko wapi.

Karatasi ya kushuka

Mzigo wa rufaa haufanani mikoa yote. Moshi, Mawenzi na KCMC ziko mji mmoja. Mgonjwa anaweza kupanda kutoka mkoa hadi kanda kwa daladala. Mwanza ni hivyo hivyo kati ya Sekou Toure na Bugando. Lakini mgonjwa wa Maweni, Kigoma, akiandikiwa Muhimbili, yuko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka mlango wake. Maweni kwa hiyo inajifunza kumalizana na mambo ambayo Mawenzi ingeyasukuma ng'ambo ya mji. Katika miaka ya karibuni serikali imejaribu pia kugeuza mwelekeo: tangu 2024 kuna kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, ambazo zinapeleka mabingwa kwenye hospitali za halmashauri zote 184 kwa siku chache. Siku hizo rufaa inapanda basi ikielekea kijijini. Bingwa akiondoka, kambi inaondoka naye, ila madaktari wa wilaya waliosimama pembeni yake chumba cha upasuaji wanabaki na kitu.

Sehemu ya mfumo huu inayosahaulika zaidi ni ile ya kurudi. Hospitali iliyopokea rufaa inatakiwa kuandika mrejesho: tuliona nini, tulifanya nini, nyie huko chini endeleeni na nini. Bila hiyo karatasi mgonjwa wa presha anarudi mkoani kila mwezi kufuata vidonge ambavyo zahanati yake inavyo, na foleni inazidi kutoka nje ya mlango.

Shangazi alirudi mara ya pili baada ya wiki tatu, safari hii na barua. Tabibu wa zahanati yao aliiandika dakika kumi, akapima na sukari, jambo ambalo mara ya kwanza lilikuwa halijafanyika popote kwa sababu hakuwa amepita kwake. Sukari ilikuwa juu. Bingwa wa magonjwa ya ndani alimwona, akamwanzishia dawa, kidonda kikasafishwa, na hakulipa kitu dirishani. Alipotoka alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne: safisheni kidonda kila baada ya siku mbili, pimeni sukari kila wiki, akipata homa au mguu ukibadilika rangi mrudisheni mara moja.

Karatasi hiyo sasa anaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya CHF na picha yake ya kitambulisho. Kila siku ya kusafisha kidonda anaitoa, anaikunjua, anamkabidhi nesi wa zahanati ambaye ameshaijua kwa moyo, na nesi anaisoma tena.